Chelewa Chelewa, Utamkuta Mwana Si Wako

 

Methali niliyoifanya kichwa cha makala haya tumeiandikia insha tangu shule ya msingi. Kila tukiletewa tunatunga kisa cha kijana aliyechelewa kuposa akakuta mchumba kaolewa, au cha mkulima aliyechelewa kupanda mvua ikampita. Sijaona insha hata moja inayoichukua methali hiyo jinsi ilivyo: kwamba kuna mwana, kuna mtu aliyechelewa, na mwana huyo sasa si wake tena. Leo naomba tuichukue hivyo hivyo. Sitaki kuzungumza juu ya mchumba wala mahindi. Nataka kuzungumza juu ya mtoto aliyepotea, na juu ya riwaya ambazo mtoto wa namna hiyo anatafutwa.

Rai yangu ni hii. Ile riwaya ya Chozi la Heri ya Assumpta Matei, iliyochapishwa mwaka 2014 na kutahiniwa katika KCSE kabla ya Nguu za Jadi kuingia, ni riwaya ya upelelezi. Najua mtashangaa. Vitabu vya mwongozo vinasema ni riwaya ya ukimbizi, ya ukabila, ya siasa na ya familia. Sikatai, hayo yote yamo. Lakini ndani yake kuna kesi ya watoto walioibwa, na kesi hiyo inatufaa sisi wa Muhoroni kuliko riwaya zote za makachero ambazo baadhi yetu huzisoma chini ya dawati mwalimu wa Hesabu akiwa ubaoni. Inatufaa kwa sababu inasema wazi jambo tusilopenda kulisikia: mtoto akipotea kwetu, mpelelezi wa kwanza ni mtu aliye karibu, na kama huyo amelala, basi.

Hebu kwanza tuwaangalie makachero tuliowazoea. Baba wa riwaya ya upelelezi ya Kiswahili ni Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar. Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda mashindano ya uandishi ya East African Literature Bureau ya 1957-58, ikachapishwa mwaka 1960. Humo ndimo tulimopata Bwana Msa na kiko chake. Mwaka 1965 Faraji Katalambulla akatupa Simu ya Kifo na Inspekta Wingo. Kisha Elvis Musiba akaja na Willy Gamba, yule wa kupambana na majasusi, na riwaya za namna hiyo zikasomwa kote Afrika Mashariki. Mimi nazipenda. Anayesema zinaharibu Kiswahili cha wanafunzi hajazisoma.

Lakini angalieni kesi zenyewe zinavyoanza. Mara nyingi mtu ameuawa, maiti ipo, kachero anaitwa. Anafika, anazunguka chumbani, anauliza maswali, anakwenda zake kufikiri. Bwana Msa anaweza kuwasha kiko akakaa kitini mpaka moshi ujae chumba, na hakuna kitakachoharibika. Maiti haina haraka. Mtoto aliyepotea ana haraka. Kila dakika kachero anayovuta kiko, mtoto yumo ndani ya matatu anakwenda mbali. Ndiyo maana riwaya ya mtoto aliyepotea haiwezi kwenda kwa mwendo wa riwaya ya mauaji. Katika mauaji tunauliza, 'Nani alifanya?' Katika kupotea kwa mtoto swali la kwanza ni, 'Yuko wapi sasa hivi?' Jibu la swali hilo linabadilika kila saa.

Sasa twende kwa Umu. Wale ambao hawajaisoma riwaya yenyewe nawaeleza kwa ufupi. Umulkheri ni msichana wa shule kama sisi. Mama yake, Naomi, ameondoka nyumbani. Baba yake, Lunga, amefariki. Watoto wamebaki na mfanyakazi wa nyumbani aitwaye Sauna. Siku moja Umu anarudi nyumbani na kukuta Sauna hayupo, na wadogo zake wawili, Dick na Mwaliko, hawapo pia. Hakuna mlango uliovunjwa wala damu sakafuni. Kuna kimya tu. Sauna amekwenda nao kwa Bi. Kangara, mwanamke anayefanya biashara ya kuuza watoto.

Umu anafanya lile ambalo sote tungefanya: anakwenda kuripoti kwa polisi. Ripoti inachukuliwa, lakini msaada wenyewe hauonekani. Basi msichana huyu anaachwa na kesi yake mkononi. Hana kiko, hana bastola, hana msaidizi wa kumwandikia habari zake. Anayemshika mkono mwishowe ni Hazina, kijana ambaye Umu aliwahi kumsaidia alipokuwa mtoto wa mitaani. Yaani aliyelipwa mshahara kumsaidia hakumsaidia, akasaidiwa na chokoraa wa zamani. Mwandishi hakuandika hivyo kwa kutojua. Alitaka tuone.

Sasa ndugu zangu, hebu tujiulize swali ambalo sijaliona katika karatasi yoyote ya mtihani. Sauna alitokaje? Mwanamke mmoja na watoto wawili, mchana, wanatoka nyumbani, wanapita njiani, wanapanda gari. Je, hakuna aliyewaona? Lazima walionekana! Ila walioona hawakuona kitu. Waliona yaya na watoto anaowalea. Nani angemsimamisha yaya? Hapo ndipo riwaya hii inapozishinda nyingi za makachero. Mwizi wa watoto hana pembe. Hana kovu usoni wala koti jeusi. Ana leso kiunoni na watoto wanamwita kwa jina.

Wale wanaodhani hayo ni ya vitabuni tu nitawakumbusha habari mbili zilizotokea hapa Kenya. Mwezi wa Novemba mwaka 2020, waandishi wa BBC Africa Eye walionyesha uchunguzi wao juu ya watu wanaoiba na kuuza watoto jijini Nairobi. Watoto wengine walikuwa wa kina mama wanaolala barabarani. Waandishi hao pia walimnasa mfanyakazi wa hospitali ya umma akikubali pesa ili atoe mtoto mchanga aliyekuwa ameachwa hospitalini. Kesi ikaenda mahakamani, na mwaka 2023 mfanyakazi huyo akapatikana na hatia na kufungwa. Kazi yake pale hospitalini ilikuwa nini? Kushughulikia masilahi ya watoto kama hao. Mlinzi ndiye aliyeshika bei.

Habari ya pili ni ya mwezi wa Julai mwaka 2021. Polisi walimkamata kijana wa miaka 20 aitwaye Masten Wanjala, wakasema amekiri kuwaua watoto zaidi ya kumi kwa muda wa miaka mitano. Kulingana na habari zilizotolewa wakati huo, alikuwa akiwavuta watoto kwa kujifanya kocha wa kandanda. Nawauliza wavulana wa kidato cha kwanza: kocha akikuita mazoezini utamwuliza kitambulisho? Nitarudi kwa Wanjala, maana mwisho wa habari yake una funzo lake.

Basi fundisho la kwanza ni kwamba tuache kuwaogopesha watoto kwa habari za mgeni mwenye gunia. Tangu tukiwa wadogo tunaambiwa, 'Usiongee na mtu usiyemjua.' Vizuri. Lakini Dick na Mwaliko waliibwa na mtu waliyemjua. Afadhali tumfundishe mtoto hivi: ukitaka kwenda mahali na mtu yeyote, hata umjuaye, kwanza mwambie mama, baba, nyanya au dada. Mtu mwema hatakasirika ukisema, 'Ngoja nimwambie mathe.' Atakayekasirika, huyo ndiye.

Fundisho la pili linahusu saa. Hapa nitaeleza jambo lililotokea katika ploti jirani na yetu, nalo halikutoka katika riwaya. Kama mjuavyo, mji wetu umezungukwa na miwa. Mua ukikomaa unampita mtu mzima kimo, na mtoto wa miaka mitano akiingia ndani hatua kumi tu humwoni tena. Trela za miwa zinapopita kwenda kiwandani, watoto huzifuata kuchomoa mua mmoja mmoja. Siku moja ya soko, mtoto wa jirani yetu alifuata trela na hakurudi. Mama yake alizunguka sokoni, kisha stesheni ya reli, kisha akaenda kituo fulani cha polisi, ambacho sitakitaja. Akaambiwa, 'Mama, hata jioni haijafika. Watoto huwa wanacheza tu. Rudi nyumbani, ungoje masaa ishirini na nne, kama hajaonekana uje tuandike.'

Mama akasema, 'Afande, ana miaka mitano. Masaa ishirini na nne atakuwa amelala wapi?'

Akaambiwa tena kwamba hiyo ndiyo sheria.

Mtoto huyo alipatikana usiku ule ule. Hakupatikana na kachero. Mama alipotoka pale alikwenda moja kwa moja kwa vijana wa boda boda, akawaeleza nguo alizovaa mtoto: kaptula ya shule na fulana nyekundu iliyochanika begani. Vijana wakapigiana simu, mmoja Koru, mwingine Chemelil, mwingine upande wa Kericho. Saa mbili usiku mmoja akapiga kusema kwamba kuna mama muuza mandazi ng'ambo ya mpaka wa kaunti ambaye amekaa na mtoto wa fulana nyekundu tangu saa kumi. Mtoto alimwona akilia kando ya barabara, akamkalisha, akampa mandazi, na hakujua ampeleke wapi. Alipoulizwa jina la baba, mtoto alikuwa akijibu tu, 'Baba.'

Kisa hiki kiliisha vizuri, namshukuru Mungu. Lakini angalieni jinsi kilivyokaribia kuisha vibaya. Mji wetu uko pembeni, mahali ambapo Kaunti ya Kisumu inapakana na Nandi na Kericho. Ukipanda boda boda dakika chache uko kaunti nyingine, kwa chifu mwingine na kituo kingine cha polisi. Barabara ipo na reli ipo. Kama mama yule angetii na kurudi nyumbani kungoja, na kama aliyemkuta mtoto kando ya barabara hangekuwa muuza mandazi bali Bi. Kangara, masaa ishirini na nne yangetosha kumfikisha mtoto Busia au Mombasa.

Na sasa sikilizeni vizuri, maana hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Hakuna sheria ya Kenya inayosema mzazi angoje saa 24 kabla ya kuripoti mtoto aliyepotea. Haipo! Labda tuliitoa katika filamu, labda katika uvivu, mimi sijui, lakini katika sheria haimo. Katiba ya 2010, ibara ya 53, inasema masilahi ya mtoto ndiyo ya kwanza katika kila jambo linalomhusu. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 nayo imejengwa juu ya msingi huo huo, na mtoto ni kila aliye chini ya miaka 18, yaani hata mimi ninayeandika haya. Sheria ya kupambana na ulanguzi wa binadamu ya mwaka 2010 inampa mlanguzi kifungo kisichopungua miaka 30 au faini isiyopungua shilingi milioni 30. Sheria zenye meno tunazo. Lakini meno hayo hayana kazi kama mlango wa kwanza umefungwa na mtu anayesema, 'Kuja kesho.'

Baadhi ya wenzangu watasema nawaonea polisi. Mmoja wetu katika chama hiki, ambaye baba yake ni askari, aliniambia tulipojadiliana: 'Wewe unajua ni watoto wangapi huripotiwa asubuhi na jioni wako kwa shangazi? Polisi wakimtafuta kila mtoto aliyekwenda kuogelea, nani atashika majambazi?' Hoja yake ina uzito na sitaidharau. Kituo kina askari wachache, gari moja, na mara nyingine hilo gari halina mafuta. Lakini mimi nasema hivi: kuandika katika kitabu cha matukio hakuhitaji mafuta. Kumpa mzazi nambari ya OB hakuhitaji gari. Kupigia kituo jirani simu ni shilingi ngapi? Mtoto akipatikana kwa shangazi yake, tumepoteza nini? Mstari mmoja wa wino. Asipopatikana, ule mstari mmoja ndio mwanzo wa kesi. Na mzazi naye ajue kwamba akikataliwa mlango mmoja asirudi nyumbani kulia. Kuna ofisi ya watoto, kuna chifu, na kuna nambari 116 ya kuwasaidia watoto ambayo kupiga ni bure. Tangu mwaka 2016 kuna pia shirika la Missing Child Kenya ambalo kazi yake ni kusambaza picha za watoto waliopotea na kusaidia familia kuwatafuta.

Sasa nije kwa jambo ambalo wasomaji wengi wa Chozi la Heri hulalamikia. Mwisho wa kesi ya Umu umejaa sadfa. Umu analelewa na Mwangeka na mkewe Apondi. Mwaliko, aliyeokolewa na kupelekwa katika makao ya watoto, anachukuliwa na Mwangemi na Neema, watu wa ukoo huo huo! Dick, ambaye amepitia miaka ya kutumikishwa na wauzaji wa dawa za kulevya, anakutana na dada yake katika uwanja wa ndege. Wenzangu wanasema, 'Aa, hii ni uongo! Mambo hayaendi hivyo!' Katika mtihani tunaandika 'mwandishi ametumia mbinu ya sadfa', tunapewa alama zetu mbili, tunaendelea.

Mimi nilikaa nikaifikiria sadfa hiyo. Nakubali kwamba kama riwaya ya upelelezi, ni udhaifu. Kachero hukutanisha watu kwa akili, hawaachi wakutane kwa bahati. Lakini fikirini: mwandishi angefanya nini? Polisi wa riwaya yake hawakuwatafuta watoto wale ipasavyo. Majirani hawakuuliza. Umu mwenyewe hana nauli. Kwa njia gani nyingine watoto watatu waliotawanywa nchi nzima wangeonana tena, kama si kwa bahati? Kwangu mimi sadfa ile ni mashtaka. Ni kama mwandishi anatuambia, 'Kwa jinsi mlivyopanga mambo yenu, mtoto akipotea hatarudi ila Mungu apende.' Katika riwaya Mungu alipenda. Sisi wa Muhoroni hatuwezi kuifanya sadfa kuwa mpango wetu.

Kuna riwaya nyingine ya Kiafrika inayoshuhudia hayo, ingawa imeandikwa kwa Kiingereza. Ni ya Unity Dow wa Botswana, mwanamke wa kwanza kuwa jaji wa Mahakama Kuu ya nchi ile. Inaitwa The Screaming of the Innocent, ya mwaka 2002. Msichana wa miaka 12 anapotea kijijini, polisi wanasema ameliwa na wanyama wa mwituni, kesi inafungwa. Miaka mitano baadaye msichana anayefanya kazi ya kujitolea kwa taifa katika zahanati ya kijiji anakuta boksi lenye nguo za mtoto yule, zina damu. Ndipo wanakijiji wanaanza kuuliza upya. Dow hakuota tu. Mwaka 1994, katika mji wa Mochudi, msichana wa miaka 14 aliuawa na viungo vyake kukatwa, na wanafunzi wa Botswana wakaandamana kudai haki. Mnaona? Kule msichana mwenye ufagio, huku Umu mwenye sare ya shule. Riwaya mbili za nchi mbili, na katika zote mbili anayebeba kesi ni kijana asiye na cheo. Nadhani waandishi hawa wanajua wanalolisema.

Lakini hapa lazima nitoe onyo, maana kuna watu watanisoma vibaya. Nikisema jirani ndiye mpelelezi wa kwanza, sisemi jirani awe hakimu. Nimeahidi kurudi kwa Wanjala. Mwezi wa Oktoba mwaka 2021 alitoroka kutoka kituo cha polisi cha Jogoo Road, Nairobi. Siku mbili baadaye wanakijiji wa kwao Bungoma walimpata wakamwua. Watu wengi walisema, 'Afadhali!' Mimi pia ninaelewa hasira ile. Lakini fikiria wewe ni mzazi wa mmoja wa watoto wale. Ulikuwa unangoja kesi. Ulikuwa unataka kusikia mtoto wako alipelekwa wapi, alisema nini, na kama kulikuwa na wengine walioshirikiana na yule mtu. Sasa nani atakuambia? Kijiji kilirarua sura ya mwisho ya kitabu, na hakuna atakayeiandika tena.

Na hatari nyingine ni kwamba tukisikia tu kelele za 'mwizi wa watoto!' sokoni, mawe huokotwa kabla ya swali kuulizwa. Hebu fikirini kuhusu yule mama wa mandazi. Amekaa na mtoto asiye wake, mtoto analia, usiku umeingia. Kama wale vijana wa boda boda wangekuja na rungu badala ya swali, leo tungekuwa tumemzika mtu mwema kuliko wote katika kisa kile. Kumtafuta mtoto ni kuuliza. Aliye na shaka amweke mshukiwa mbele ya mzee wa kijiji na askari, si mbele ya mawe.

Tena msisahau kwamba Sauna mwenyewe alikuwa mtoto. Baba yake wa kambo alimdhulumu, mama yake akamfunga mdomo, akatoroka nyumbani. Bi. Kangara alimwokota alipokuwa hana pa kwenda. Katika insha tunamwita 'katili', 'mnafiki', 'mwenye tamaa'. Ni kweli aliyoyafanya ni maovu. Lakini kabla ya kuiba watoto wa wenyewe, Sauna alikuwa mtoto aliyepotea ambaye hakuna aliyepiga ripoti. Kama jirani mmoja angeuliza, 'Yule binti wa nyumba ile yuko wapi siku hizi?', labda Dick na Mwaliko wangelala kwao. Wapo wa aina hiyo hata kwetu: msichana anaacha kuja shule, tunasema ameenda kwa shangazi Nairobi, tunamsahau. Ameenda kwa shangazi yupi? Nani aliyempeleka?

Kwa hivyo nina mapendekezo matatu, na nayaleta mbele ya Chama cha Kiswahili ili yajadiliwe.

Kwanza, sisi ni shule ya kutwa. Wa bweni wanalala shuleni, sisi kila jioni tunatawanyika: wengine Koru, wengine Chemelil, wengine huko ndani mashambani. Hakuna gazeti linaloweza kufika katika nyumba zote hizo kwa saa moja kama tunavyofika sisi. Basi pawe na ubao mmoja karibu na lango. Mtoto wa eneo letu akipotea, mwalimu wa zamu aandike yanayohitajika: jina, umri, nguo alizovaa, mahali na saa alipoonekana mara ya mwisho, na simu ya chifu. Kila mmoja aende nayo kwao jioni ile ile. Akipatikana, maandishi yafutwe siku hiyo hiyo, ili mtoto asiishi na jina la 'yule aliyepotea'.

Pili, kila mwanafunzi amfundishe ndugu yake mdogo majina kamili ya wazazi, jina la kijiji, na nambari ya simu ya nyumbani. Afanyie wimbo kama hesabu ya mara mbili. Mtoto anayejua kusema zaidi ya 'Baba' amefanya nusu ya upelelezi.

Tatu, chama kiandike barua ya heshima kwa chifu wetu kuomba kwamba katika baraza lijalo watu waambiwe wazi kuwa kungoja saa 24 si sheria. Barua iwe kwa Kiswahili sanifu, na mimi niko tayari kuandika rasimu ya kwanza. Walimu wairekebishe.

Na kwa wasomaji wenzangu wa riwaya: msiache kuzisoma za Bwana Msa na Willy Gamba. Ila mtakapozisoma, kumbukeni kwamba katika miji kama wetu Bwana Msa hayupo. Hakuna mzee mwenye kiko atakayeteremka kwenye stesheni ya Muhoroni kuja kutufikiria. Yupo mama wa mandazi. Wapo vijana wa boda boda. Yupo askari ambaye leo anaweza kuandika mstari mmoja badala ya kusema kesho. Na tupo sisi, mia kadhaa, wenye miguu na macho, tunaopita njia zote za mji huu mara mbili kwa siku.

Anayeona yaya na watoto wawili stendi na mizigo, awasalimu. Aulize tu, 'Mnaenda wapi leo?' Salamu haina gharama, na mtu mwema atajibu. Wahenga walikwisha kutuambia linalompata anayechelewa.